Habari za Mafuta ya Nazi ya Kujipaka na ya Kukandia, Tangu Kale Hata Miaka Kumi ya Chama Chetu



Halmashauri ya Chama Kikuu ilipokutana kupanga yatakayopigwa chapa katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10, mimi Katibu nilipewa kazi ya kuandika historia ya zao letu. Nikauliza nianze wapi. Mwenyekiti akasema nianze na ghala na mizani, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyotukutanisha. Mjumbe mmoja, mzee wa heshima aliyekwea minazi tangu ujana wake, akasema niandike habari za mbata. Nami nikaomba ruhusa niandike habari za mafuta ya kujipaka. Wakacheka. Mzee yule akanena, "Katibu, hayo ni mambo ya ndani kwa wake zetu. Wewe tuwekee hesabu." Nikamjibu kwa adabu kwamba hesabu zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, kurasa za nyuma, na kwamba katika miaka hii 10 jambo lililokaribia kukivunja Chama chetu halikuwa mbata wala mizani, bali mapipa ya mafuta ya kujipaka. Hapo wakanyamaza, kisha wakaniruhusu. Basi makosa yatakayoonekana humu ni yangu mimi, si ya Halmashauri.

Watu wengi wa mwambao hudhani kwamba mnazi ulikuwapo hapa petu tangu kuumbwa kwa nchi. Sivyo. Mnazi ni mgeni aliyekaa hata akawa mwenyeji. Mwaka 2011 wataalamu watatu, Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya juu ya minazi zaidi ya 1,300 iliyotoka pande nyingi za dunia. Walichungua ile asili ya ndani ambayo mmea huirithi kwa mmea uliouzaa, kama mtoto arithivyo damu ya wazazi wake. Wakaona ya kuwa minazi ya dunia ina koo mbili kubwa: moja ya Bahari ya Pasifiki, na moja ya Bahari ya Hindi. Lakini minazi ya pande zetu, pamoja na ya Komoro na Bukini, imechanganya damu ya koo zote mbili. Sababu waliyoitoa ni safari za mabaharia wa kale waliotoka visiwa vya mashariki ya mbali wakafika Bukini, hao ambao lugha yao ndiyo mama ya Kimalagasi cha leo. Walikuja na nazi chomboni, za kunywa na za kupanda. Kwa hiyo mwanachama anaposimama chini ya mnazi wake wa Pangani, amesimama chini ya mti uliokutanisha bahari mbili.

Katika vitabu vya kale mnazi wetu hauonekani upesi. Kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya kwanza, ambacho jina lake ni Periplus, chataja bandari ya Rhapta katika mwambao huu, na bidhaa zilizotoka huko: pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa, na kitu kimoja kidogo ambacho mfasiri wa mwaka 1912 alikiita mafuta ya miti ya jamii ya mnazi, na mfasiri mwingine wa baadaye akasema ni kombe la baharini. Ugomvi huo nawaachia mabingwa wa Kiyunani. Aliye wazi zaidi ni Al-Masudi, Mwarabu wa Baghdadi aliyesafiri pande hizi mwaka 916. Yeye aliandika kwamba Wazanji wana visiwa vingi viotavyo minazi, na kwamba nazi zake huliwa na Wazanji wote.

Habari ya mafuta yenyewe aliiandika Ibn Battuta. Msafiri huyo alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akavuka hata Dhofar, nchi ambayo leo ni sehemu ya Oman, na ambako minazi huota kama kwetu. Huko alieleza jinsi nazi pevu inavyopasuliwa, ikaanikwa juani, ikapikwa vyunguni mpaka mafuta yake yakatoka. Akasema watu huwashia taa kwa mafuta hayo, na wanawake huyapaka nywele zao. Tazameni, Ndugu Wanachama: zaidi ya miaka 600 iliyopita mtu mzima mwenye elimu na safari nyingi hakuona haya kuandika katika kitabu chake kwamba wanawake hupaka nywele mafuta ya nazi. Nasi Halmashauri tulicheka.

Sasa nieleze mafuta haya yalivyotengenezwa nyumbani kwetu, na yanavyotengenezwa hata leo katika vijiji vyetu, maana vijana wengi wa sasa wayajua ya chupani tu. Kwanza ni kuchagua nazi. Dafu halina mafuta ya kutosha, na koroma nalo bado. Yatakiwa nazi iliyokomaa kabisa, ambayo tangu ua lake imekaa juu miezi 11 au 12, na ukiitikisa maji yake yasikika. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha ikatiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, zito, huwekwa chunguni usiku kucha. Asubuhi utaliona limejitenga: mazito yamepanda juu, maji yamebaki chini. Yale mazito huenguliwa yakatiwa jikoni kwa moto mdogo.

Hapo ndipo penye ujuzi. Tui likichemka, maji yaliyomo hulia sufuriani, tena hulia kwa sauti ya kukereketa ambayo mpishi huisikiliza kama mama asikilizavyo mtoto aliyelala chumba cha pili. Sauti ikipungua, mafuta yameanza kuonekana juu, na mashapo ya rangi ya kahawia yameanza kushika chini. Ukiepua mapema, maji yamebaki ndani, na mafuta hayo hayatamaliza mwezi ila yameota harufu. Ukichelewa, mashapo yameungua na mafuta yamekuwa mekundu yenye harufu ya moshi. Wazee wetu wanawake husema tu kwamba mafuta "yamenyamaza". Neno hilo nawaomba mlishike, maana nitalirudia.

Ziko njia nyingine. Wako waliaochao tui siku nzima na zaidi hata likachachuka, mafuta yakajitenga yenyewe pasipo moto. Haya ni meupe kama maji na harufu yake ni nzuri. Na iko njia ya mbata na kinu. Katika Unguja na Lamu vinu vya kukamulia ufuta na nazi vilizungushwa na ngamia aliyefungwa macho asipate kizunguzungu, naye alikwenda kutwa nzima asifike popote. Wazee wa Unguja bado wayakumbuka masimulizi ya ngamia hao.

Mafuta hayo yalitumiwa kwa nini? Kula, naam, na taa pia. Lakini katika nyumba za mwambao sehemu iliyowekwa kando, katika chupa safi juu ya kabati, ilikuwa ya mwili. Mtoto mchanga akitoka kuogeshwa alipakwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo kiganjani, akanyooshwa mikono na miguu, akakandwa mgongo. Mama aliyejifungua alikandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta katika siku zake 40, na kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, mama mtu mzima aliyejua wapi pa kukaza mkono na wapi pa kulegeza. Bibi harusi alisingwa kwa siku kadhaa. Somo wake alimsugua kwa singo na dalia, akamwosha, kisha akampaka mafuta yaliyolazwa asumini au kilua. Mvuvi aliyepasuka midomo na viganja kwa chumvi na kamba alijipaka jioni kabla ya kulala. Mkwezi aliyeteguka kifundo alichuliwa kwa mafuta hayo hayo. Na nywele, hakuna haja ya kusema.

Jambo moja katika habari hizo lastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndilo linalofanya mafuta yetu yatafutwe sasa na watu wa mbali. Yule somo hakumpaka bibi harusi asumini tupu. Alilaza maua katika mafuta, akabadilisha maua asubuhi kwa asubuhi, hata mafuta yakanywa harufu yote. Mafuta ya nazi yalikuwa mpagazi, na harufu ilikuwa mzigo. Leo huko Ulaya na Marekani watu wenye kazi ya kuchua mwili hununua mafuta ya namna hii na kuyahesabu katika mafuta yachukuayo, yaani yale mafuta mapole yanayobeba mafuta makali ya maua, majani na viungo. Mafuta makali hayapakwi matupu. Chukueni mfano wa mafuta ya karafuu, yanayokamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi huko Pemba kutokana na makonyo: ukiyapaka peke yake yataiunguza ngozi. Lakini katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, matone yasiyozidi 3 yatosha kabisa kwa kuchulia mgongo wa mtu mzima. Langilangi ya Komoro na mchaichai vyatumika vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Mtoto mchanga asitiwe hata tone moja la makali hayo. Mafuta ya nazi matupu yamtosha, kama bibi zetu walivyojua.

Sasa nije katika biashara. Katika karne ya 19, siku za Seyyid Said na wanawe, mashamba ya karafuu yalienea Unguja na Pemba, na ya minazi yakaenea huko na katika mwambao wa huku bara. Haifai kuandika habari hiyo katika kitabu cha ushirika bila kusema kwamba sehemu kubwa ya minazi hiyo ilipandwa, ikapaliliwa na kuangushwa kwa mikono ya watumwa. Amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, na Tanganyika ilikuwa mwaka 1922. Baadhi ya wanachama wetu ni wajukuu na vitukuu vya watu hao, na leo wana mashamba yenye hati kwa majina yao.

Mwaka 1844 Wafaransa walifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na baada ya hapo wafanya biashara wa Marseille wakawa wanunuzi wakubwa wa ufuta na mbata. Walitaka mafuta kwa sabuni. Mafuta ya nazi hutoa povu jingi kuliko karibu mafuta yote, hata sabuni yake yatoa povu katika maji ya bahari, jambo ambalo kila baharia alijua thamani yake. Basi mbata ilikwenda Ulaya magunia kwa magunia, na ikarudi ikiwa sabuni yenye chapa na karatasi nzuri. Hata mafuta ya nywele ya nazi yaliyotiwa harufu yalikuja kutoka Bara Hindi katika makopo, yakauzwa katika maduka ya miji iliyozungukwa na minazi! Mama alikuna nazi yake kwa kitoweo, akaenda dukani kununua nazi ya Bombay kwa nywele.

Mwaka 1872 ulikuwa mwaka wa ajabu mbili, ijapokuwa hakuna aliyeziunganisha wakati ule. Mwezi wa Aprili tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi isiyo na idadi. Na mwaka huo huo huko Marekani bwana mmoja, Robert Chesebrough, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mafuta ya mgando yatokanayo na mafuta ya petroli ya ardhini. Tufani ilipita, na minazi ikapandwa tena. Yale mafuta ya mgando hayakupita. Yaliingia taratibu hata vijijini, kwa kuwa hayaozi, hayanuki, na kopo lake dogo lauzwa kwa bei ndogo. Nikiwa mtoto shuleni tulipakwa mafuta ya mgando, na mwenzetu aliyekuja ananukia nazi tulimcheka kwamba amepikwa wali. Naandika hayo kwa aibu kidogo, kwa maana aliyenukia nazi alikuwa mwana wa mkulima kama sisi, na sisi sote ada zetu zililipwa kwa nazi.

Juu ya faida ya mafuta haya kwa ngozi, yamesemwa mengi, na mengine ni chumvi tupu ya wauzaji. Nitaandika yale tu yaliyopimwa. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni tindikali moja ya mafuta iitwayo lauriki, ambayo mafuta mengi mengine ya kula hayana. Mwaka 2003 wataalamu wa Bara Hindi walionyesha kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kuupunguzia uharibifu kuliko mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Mwaka 2004 huko Ufilipino yalijaribiwa kwa watu wenye ngozi kavu, yakaonekana ni sawa na mafuta ya madini kwa kulainisha. Mwaka 2014, huko huko Ufilipino, yalijaribiwa kwa watoto 117 wenye ukurutu wa pumu ya ngozi, na yale mabichi yasiyopitishwa katika dawa yakafanya vyema kuliko mafuta ya madini. Hayo ni mambo ya heshima, yanatosha. Lakini mafuta ya nazi hayazuii ukali wa jua kwa kadiri ya kutegemewa, si dawa ya kidonda wala ya kuungua, na mwenye chunusi za uso afadhali asiyapake usoni kwa kuwa humzibia vinyweleo. Karani wetu wa mauzo amekwisha kuonywa asiseme zaidi ya hapo.

Sasa historia yetu wenyewe.

Vyama vya ushirika vya nchi hii vilianza kupata nguvu ya sheria mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha umoja wao. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika habari hizo zote mwenye nazi hatajwi sana, na sababu yake si ngumu kuijua. Mwenye kahawa au pamba hawezi kumwuzia jirani yake apike. Hana budi kutafuta mnunuzi wa mbali, na mnunuzi wa mbali humlazimisha kuungana na wenzake. Mwenye nazi ana soko kila penye jiko. Lori likija, huuza nazi zake kwa kuhesabu, kubwa na ndogo pamoja, na dereva huhesabu kwa ulimi mwepesi. Mbata nayo ilikwisha kushuka, kwa kuwa mafuta ya michikichi ya Malaysia na Indonesia yamejaa duniani, na punje za michikichi hutoa lauriki kama ya nazi. Ndiyo hali tuliyoikuta sisi tulipoandikisha Chama Kikuu hiki miaka 10 iliyopita, tukiwa na ghala la bati, mizani moja, na meza iliyoazimwa shuleni.

Miaka mitatu ya kwanza tuliuza nazi kwa uzito, na bei ikapanda kidogo. Mwaka wa nne tukapata mnunuzi wa mjini, kampuni itengenezayo mafuta ya kujipaka, iliyotaka mafuta meupe yasiyo na moshi wala maji. Mkutano Mkuu ukafurahi. Tukakopa fedha, tukanunua mashine ya kukamulia na mapipa. Kazi ikagawanywa: vyama vya msingi viwili vikamue mbata kwa mashine, na kimoja, chenye akina mama wengi, kipike kwa tui. Sampuli tuliyoipeleka ilisifiwa.

Kisha masika ikaja mapema. Nyama ya nazi mbichi ni karibu nusu maji, na mbata iliyo tayari haipaswi kubaki na maji zaidi ya sehemu 6 katika 100. Katika mvua ile chanja hazikukauka. Mbata ikaota ukungu wa kijani, nasi tukaifuta kwa magunia na kuikamua hivyo hivyo. Siku ya kupeleka mzigo ilikuwa imekaribia. Nilikwenda mwenyewe katika chama kile cha akina mama, nikakuta sufuria tatu ziko motoni. Mama aliyesimamia akaniambia, "Katibu, mafuta bado yanalia." Nikamwambia sampuli imekubaliwa, gari linangoja. Akaepua. Nikatia sahihi.

Baada ya majuma machache mapipa yalirudi. Kizibo cha kwanza kilipofunguliwa hapakuwa na haja ya kupima, harufu ilitosha. Yalikuwa yamechacha, na chini ya kila pipa palikuwa na maji ya kijivu. Mnunuzi hakukosea hata kidogo. Tuliyauza kwa watengeneza sabuni kwa bei ya kutupa, na deni la mashine likabaki. Kwa miezi mitano wanachama hawakulipwa. Wengine waliuza nazi kwa walanguzi zingali juu minazini, wengine walirudisha kadi. Walionijia nyumbani usiku hawakunitukana, waliuliza tu lini, nami sikuwa na jibu. Naliandika jambo hili kwa sababu taarifa ya mwaka ule yasema "hasara iliyoletwa na hali ya hewa". Maneno yale niliyaandika mimi, na si kweli. Hali ya hewa haikutia sahihi.

Katika mkutano uliofuata mama yule yule alisimama. Wakati huo katika Halmashauri yenye wajumbe 11 hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Akasema, "Mlituuliza uzito. Mafuta hamkutuuliza." Akaketi. Watu walikaa kimya muda mrefu, kisha mtu wa nyuma akatoa hoja kwamba ichaguliwe Kamati ya Ubora, na akina mama wasiopungua watatu wawemo. Ilipita. Mzee niliyemtaja mwanzo aliipinga, kisha aliunga mkono, na kumbukumbu zinaonyesha yote mawili.

Kamati hiyo iliweka taratibu ambazo hata leo ndizo tuzifuatazo. Pipa halifungwi mpaka mafuta yamenyamaza, na utambi uliochovywa ndani yake umewaka bila kupasukapasuka. Mbata iliyoota ukungu haingii mashineni, hata kama mwenyewe ni Mwenyekiti. Nazi changa hazipokelewi kwa ajili ya mafuta. Chupa hukaushwa juani kabla ya kutiwa. Katibu hana ruhusa ya kutia sahihi kabla ya Kamati. Bwana Shamba alipokuja kutufundisha kutumia kipimo cha unyevu, akina mama walishindana nacho kwa masikio yao, na mara nyingi walikubaliana nacho.

Kulikuwa na kisa kingine, kidogo, cha kuchekesha. Wakati wa kipupwe mnunuzi wa Arusha alituandikia barua kali kwamba tumemwuzia shahamu ya mnyama, kwa kuwa mafuta yameganda meupe ndani ya chupa. Tukamjibu kwamba mafuta ya nazi safi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 au 25, na kwamba lau yasingaliganda katika baridi ya Arusha ndipo angalikuwa na haki ya kutushtaki. Tukamwomba aiweke chupa juani. Aliagiza nyingine. Siku hizi kila chupa ina maneno hayo kwenye karatasi yake. Huko ng'ambo viwandani huondoa ile sehemu igandayo, ikabaki isiyoganda kamwe, nayo ndiyo wachuaji wengi huinunua. Sisi hatuna mitambo hiyo, wala sioni haja ya kuitamani kabla ya kumaliza deni.

Deni limebaki la mwaka mmoja. Kilicho kizito zaidi ni minazi yenyewe. Mingi ya wanachama wetu ilipandwa na mababu na imezeeka. Chonga hutoboa moyo wa mche, na ule ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika mwambao wa Tanzania. Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi mwaka 1979 kwa sababu ya mashaka kama hayo. Wengine wetu wangali wakichoma viota vya siafu wa maji moto kwa kuwa huuma wakwezi, hali wadudu hao ndio wanaoila ile kunguni iangushayo vidaka. Mnazi mrefu wa asili yetu hukaa miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa. Katika Mkutano Mkuu ujao kuna hoja ya kukata sehemu ndogo ya bei ya kila lita kwa ajili ya kitalu cha miche. Najua wako watakaoipinga, na wana sababu, kwa maana ada za shule hazingoji miaka 8. Kila mmoja na aje aseme mwenyewe.

Chupa za ukumbusho huu zimekwisha kutiwa, nyingine tupu na nyingine zenye mchaichai, nazo zitauzwa mlangoni siku ya sherehe. Mzee wetu alikuja ofisini juzi kununua mbili, akasema ni za goti lake, si za mkewe. Moja kizibo chake kilikuwa kinavuja kidogo, akaomba apunguziwe. Mama wa Kamati aliyekuwapo hakumpunguzia, alimbadilishia chupa.